Altezza yangu inakubali drifti ya kushoto, ya kulia inanikataa: ni ponti, chasi au ni mimi?

#1 MwanaKamalondo (Lubumbashi)
Yambo wote. Niko na Altezza RS200, gia sita za mkono, volani kulia, imepita Dar na Kasumbalesa kama magari yetu yote. Ilikuja na ponti ya kawaida, ile inayoacha magurudumu ya nyuma yazunguke kila moja kwa kasi yake. Mwezi wa sita fundi mmoja wa mtaani akanichomelea, zile gia ndogo za katikati akazishikanisha kwa moto mpaka zikawa chuma kimoja. Mazoezi ya drifti, kule kuteleza kwenye kona kwa makusudi, tunafanyia kwenye kiwanja cha udongo mwekundu njia ya Kipushi. Mwenye kiwanja ametukubalia, watu hakuna, mbuzi hakuna.

Shida ni hii. Nikizunguka kushoto, gari inalala kama mtoto aliyeshiba. Duara zima, mara mbili, mara tatu. Nikigeuza kwenda kulia, nusu duara tu, imenigeuka, naangalia nilikotoka. Kila mara. Nimejaribu gia ya kwanza na ya pili, nimejaribu polepole na mbio. Kulia haitaki.

Rafiki yangu mmoja anasema ponti imechomelewa vibaya upande mmoja. Mwingine anasema chasi imepinda, eti iligongwa hukohuko Japani. Ninyi mnasemaje?

#2 Mwoga_wa_Kona (Lubumbashi)
Gari yako ni mashoto. Wako watu hivyo, usiilazimishe.

#3 Muzee_wa_Ponti (Lubumbashi, Katuba)
Mwanangu, huyo rafiki wa kwanza mwambie arudi darasani. Ponti iliyochomelewa haijui kushoto wala kulia. Magurudumu mawili ya nyuma yanazunguka sawasawa, basi, kama mabehewa ya treni. Kama moto wa fundi umeachia, umeachia kwa pande zote mbili, utarudi kwenye ponti ya kawaida na utaona gurudumu moja tu linachimba shimo huku lingine linaangalia.

Hakikisha hivi: weka mawe kwenye magurudumu ya mbele, pandisha nyuma yote kwa kriki, gia iwe huru, freni ya mkono ishushwe. Zungusha gurudumu moja kwa mkono. Lingine likizunguka upande uleule, chuma bado kimeshikana. Likienda kinyume, ponti imefunguka, na ujue kuna vipande vya chuma vinaelea ndani ya mafuta. Hapo usiiwashe tena.

#4 Mchikichini_86 (Dar es Salaam)
Samahani wakuu, "ponti" ndiyo difu?

#5 Muzee_wa_Ponti
Ponti ni ponti. Difu ni ya kwenu huko baharini.

#6 HesabuTu (Lubumbashi)
Shikamoo Muzee. Hilo jaribio la kriki ni zuri kwa ponti ya kuchomelea, ila lisije likamdanganya msomaji mwingine. Kuna RS200 zilizotoka kiwandani na Torsen, aina ya ponti inayojikaza yenyewe. Hiyo ni ya meno matupu, haina sahani za kusuguana, na ukiipandisha juu gurudumu la pili linaweza kwenda kinyume kabisa kama la ponti ya kawaida. Mtu ataapa hana kitu, kumbe anacho.

Torsen inafanya kazi ya kuzidisha: gurudumu lililoshika ardhi linapewa nguvu mara mbili au tatu ya lile linaloteleza. Lakini sifuri mara tatu ni sifuri. Gurudumu likinyanyuka hewani, umeachwa.

MwanaKamalondo, fundi alipofungua ulionaje ndani?

#7 MwanaKamalondo
Gia mbili kubwa na mbili ndogo zinaangaliana, zenye umbo la koni. Na jaribio la kriki nimelifanya leo asubuhi: zote zinaenda upande mmoja. Aksanti Muzee, kwa hiyo ponti tuiache.

#8 Chukudu_Turbo (Goma)
Msiiache haraka hivyo bandugu. Mimi niko na Mark II ya JZX90, ponti yake ni ya ule mnato wa silikoni. Ndani kuna sahani nyingi na maji mazito. Gurudumu moja likikimbia kuliko lingine, maji yanakaza na kulivuta. Gari ina miaka zaidi ya thelathini, maji yamechoka. Asubuhi inashika, baada ya dakika kumi za kuzunguka ponti imepata joto, inakuwa kama haipo. Siku za kwanza mimi pia niliapa kwamba kulia inakataa. Kumbe kila siku nilianza na kushoto! Nilipofika kulia ponti ilikuwa tayari imeiva.

Halafu huku kwetu ardhi ni mawe ya Nyiragongo, yale ya 2002 na ya 2021. Yanakula pine (tairi) kama wembe.

#9 HesabuTu
Kwa ponti ya mnato, sawa. Yake ni chuma kimoja, joto haliibadilishi. Ila wazo la "unaanza na upande gani" nalipenda. Anza na kulia siku moja tuone.

#10 DadaVolani (Bukavu)
Hodi. Wanaume mnapenda ponti mno. Swali langu ni moja: rotili za volani, vile viungo vinavyogeuza magurudumu ya mbele, ulizibadilisha lini?

Mimi Mark II yangu iliwahi kunifanyia hivihivi. Fundi aliweka rotili mpya, upande mmoja akaikaza mizunguko mingi, upande wa pili michache, halafu akanyoosha volani kwa kuichomoa na kuirudisha ikiwa imenyooka. Kwa macho gari iko sawa, barabarani inaenda sawa. Lakini upande mmoja magurudumu ya mbele yanakata kona zaidi kuliko upande mwingine. Katika drifti unaishi kwa kile kipimo cha mwisho cha volani. Kikiisha, gari inageuka, hata uwe bingwa wa wapi.

Hesabu: kutoka katikati hadi mwisho wa kulia ni mizunguko mingapi, na hadi mwisho wa kushoto mingapi.

#11 MwanaKamalondo
Dada, umejuaje! Rotili nilibadilisha wakati wa mvua, mwezi wa pili. Na kunyoosha magurudumu fundi alifanya kwa jicho moja, lingine amefunga.

Nimehesabu. Kulia mzunguko mmoja na robo hivi. Kushoto mmoja na nusu na kitu. Kulia ndiyo ndogo! Kesi imekwisha?

#12 Mchikichini_86
Imekwisha mkuu. Kulia haikati, ndiyo maana kulia inakataa. Hongera dada.

#13 HesabuTu
Ngojeni. Ukiteleza kwenda kulia, nyuma ya gari inatoka kushoto, na wewe volani unaipeleka wapi? Kushoto! Unarudisha kinyume cha kona. Kwa hiyo drifti ya kulia inakula volani ya kushoto, na hiyo anayo nyingi. Kwa hesabu zake, ingetakiwa drifti ya KUSHOTO ndiyo imshinde. Imekuwa kinyume.

#14 Mwoga_wa_Kona
Nilisema mimi. Mashoto.

#15 DadaVolani
Mwanafunzi HesabuTu, kweli nimekaa nikachora kwenye karatasi, una haki. Lakini "katikati" yake aliipata wapi? Kama alitazama alama ya Toyota kwenye volani, na volani ilirudishwa vibaya, hesabu yote ni uongo. Aanze kuhesabu pale magurudumu ya mbele yanapoangalia mbele kabisa, si pale alama inaposimama wima.

#16 Muzee_wa_Ponti
Hapo binti yangu amesema. Tena msipime kwa jicho. Chukua uzi, ule wa kushonea magunia, ufunge nyuma ya gari, uuvute ubavuni upite katikati ya gurudumu la nyuma na la mbele, pande zote mbili. Chukua rula, pima kutoka uzi hadi chuma cha rimu, mbele yake na nyuma yake. Utaona gurudumu gani linaangalia nje na lipi linaangalia ndani. Na usiishie mbele. Altezza kila gurudumu la nyuma linajitegemea, lina mikono yake na mipira yake. Mpira ukichakaa upande mmoja, ukikanyaga mafuta gurudumu linajigeuza lenyewe. Ni kama una volani ya pili nyuma ambayo hujui nani anaishika.

#17 Chukudu_Turbo
Muzee, lakini umesema ponti haijui kushoto na kulia. Hilux ya baba yangu inajua! Kwenye changarawe nikikanyaga, gurudumu la nyuma la kulia ndilo linaanza kila siku.

#18 Muzee_wa_Ponti
Hilux ni mambo mengine, fiston. Ile ni ponti ya bomba moja, gurudumu hadi gurudumu. Injini ikisukuma ile shafti ndefu, shafti inataka kulizungusha bomba zima, kwa hiyo gurudumu la kulia linapunguziwa uzito na la kushoto linakandamizwa. Corolla ya AE86 nayo iko hivyo, bomba moja. Altezza ponti imefungwa kwenye mwili wa gari, nguvu hiyo inaishia kwenye boliti za ponti, haifiki kwenye pine. Ndiyo maana nilisema vile. Kila chasi na tabia yake.

#19 Kasumba_Mpaka (Kasumbalesa)
Habari za huko. Mimi navusha magari, sijui drifti, ila nauliza swali la maskini: esansi unaweka kiasi gani?

#20 MwanaKamalondo
Ya mazoezi? Lita tano. Zikiisha naongeza tano. Kwa nini yaya?

#21 Kasumba_Mpaka
Kwa sababu magari yanafika hapa tangi kavu, na madereva wanaoyashusha wananiambia yanazima kwenye kona za upande mmoja tu. Esansi kidogo inakimbilia pembeni, pampu inanyonya upepo. Injini yako haikohoi ukiwa kulia?

#22 MwanaKamalondo
Unajua… sasa nikikumbuka, kuna mara inakata kidogo, nusu sekunde. Nilidhani ni mguu wangu.

#23 HesabuTu
Hii inaingia akilini. Nguvu ikikatika katikati ya drifti, magurudumu ya nyuma yanaacha kuchimba, yanashika ardhi ghafla, na gari inatupwa upande ambao pua ilikuwa inaangalia. Mtu wa nje ataona "imegeuka". Na ukiongeza kwamba hiyo injini haina turbo: tuko kama mita 1,200 juu ya bahari, na injini ya kuvuta hewa yenyewe inapoteza karibu asilimia 1 ya nguvu kila mita 100. Farasi 210 za Japani huku kwetu ni kama 185. Huna akiba ya kurekebisha kosa. Goma na Bukavu ndio wanaumia zaidi, wako kama 1,500.

#24 Chukudu_Turbo
Turbo haiumii, mukubwa. Jina langu unaliona.

#25 Mwoga_wa_Kona
Chukudu yako, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma, ina turbo kweli, na ponti yake ni ya namna gani? Gurudumu la nyuma ni moja.

#26 Chukudu_Turbo
Ponti ya chukudu imechomelewa tangu kuzaliwa. Na freni ni kiatu na kipande cha pine. Njoo na Altezza yako na lita tano zako, tushuke wote mteremko nikiwa na magunia ya viazi nane. Tuone nani atateleza vizuri.

#27 Mchikichini_86
Nacheka peke yangu ofisini. Turudi kwenye mada. Mimi nasema tatizo ni mikono. Usukani uko kulia, kwa hiyo handibreki inavutwa kwa mkono wa kushoto na mkono wa kulia unabaki peke yake kwenye usukani. Kuingia kulia unavuta chini, rahisi. Lakini kurudisha kushoto ni kusukuma juu kwa mkono huohuo mmoja, na hapo ndipo watu wanachelewa. Wachache wanajua kwamba hutakiwi kusukuma kabisa. Ukiachia usukani, magurudumu ya mbele yanajirudisha yenyewe kufuata njia gari inayokwenda. Legeza vidole, uache uzunguke, kisha uukamate. Mimi nilijifunza hilo baada ya miezi sita ya kushindana nao.

Na acha handibreki kwanza. Kwenye udongo hauhitaji. Ingia duara dogo gia ya pili, kanyaga klachi, panda mafuta, achia klachi kwa ghafla mara moja. Nyuma itaachia yenyewe. Duara ukilishika pande zote mbili, ndipo uweke matairi mawili yaliyokufa na kuyazunguka kwa namba nane.

#28 Mwoga_wa_Kona
Yeye nane hawezi. Anapita nusu ya kushoto tu. Nane yake ni tatu.

#29 MwanaKamalondo
Umenimaliza.

#30 Muzee_wa_Ponti
Nimecheka, lakini kijana wa Dar amesema kitu. Nami naongeza la chasi, kwa sababu mwenye mada aliuliza na hakuna aliyemjibu.

Kipimo cha kwanza ni umbali kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma. AE86 ni milimita 2,400. Silvia S13 ni 2,475. BMW E30, ile wanayozungusha vijana wa Soweto na kuiita gusheshe, ni 2,570. Altezza 2,670. Mark II na Chaser JZX100 ni 2,730. Mark X 2,850. Fupi inageuka haraka, inaadhibu haraka, haikungoji. Ndefu inakuja polepole kama lori la makaa, unapata muda wa kufikiri, ila ikishakwenda kuirudisha ni kazi. Kwa anayejifunza, Altezza au Mark II ni sawa kabisa. Huyu mtoto gari haijamkosea.

Ponti sasa. Kuchomelea ni bei ya kreti mbili za bia ya Simba, na ndiyo maana kila mtu anachomelea. Lakini mjini inasukuma pua moja kwa moja kwenye kona za polepole, pine zinalia, na kardani, zile shafti za kwenda kwenye magurudumu, zinabeba mzigo wote. Ya sahani za kusuguana ni nzuri zaidi, na ina majina yake. Ya njia moja inafunga ukikanyaga mafuta tu. Ya njia mbili inafunga ukikanyaga na ukiachia. Ya njia moja na nusu inafunga ukiachia pia, ila kidogo. Wa drifti wanataka ya njia mbili, kwa sababu unapoachia mafuta kubadilisha upande, hutaki ponti ilegee katikati ya safari. Ila inataka mafuta yake maalumu, na sahani zinaisha. Ukiweka mafuta yoyote ya sokoni, italia kama mlango wa kaburi.

#31 DadaVolani
Muzee, hapo kwa "kujifunza" tunatofautiana. Mimi namwambia mtu aanze na ponti ya kawaida kwenye udongo uliolowa. Utajua uzito unakwenda wapi ukiachia freni, utajua kutupa gari kushoto kidogo kabla ya kuingia kulia. Ukianza na ya kuchomelea, miguu inajifunza jambo moja tu, kukanyaga. Bukavu hatuna sehemu tambarare hata ya kuegesha, kwa hiyo tulijifunza kwa akili kabla ya mafuta.

Na naomba msifanyie barabarani. Binamu yangu aliingia kwenye kibanda cha makala (makaa). Mama muuzaji alikuwa ameenda kuteka maji, Mungu tu. Alilipa makala miezi mitatu.

#32 Kasumba_Mpaka
Na pine? Hakuna aliyeuliza pine.

#33 MwanaKamalondo
Za nyuma ni okazyo (mtumba), 215/45 za rimu 17, zote saizi moja ila kampuni tofauti. Ya kulia imekwisha kabisa, ya kushoto bado ina meno.

#34 HesabuTu
Kwa nini hukusema tangu mwanzo!!

Hesabu: pine hiyo ikiwa mpya ina kipenyo cha karibu milimita 625. Mzunguko mmoja unatembea kama mita 1.96. Ikipungua milimita 5 za meno, kipenyo kinabaki 615, mzunguko unakuwa 1.93. Sentimita 3 tofauti. Ponti ya kawaida ingezimeza. Ponti yako ni chuma kimoja, haina pa kuzimeza! Gurudumu la kushoto linataka kwenda mbali kuliko la kulia kila mzunguko, kwa hiyo gari inasukumwa kulia muda wote. Ukiteleza kulia, inaongezewa mzunguko, inageuka. Ukiteleza kushoto, inazuiwa kidogo, inalala kama mtoto aliyeshiba. Inalingana kabisa.

#35 Muzee_wa_Ponti
Kwenye lami ningekubali. Kwenye udongo pine zinateleza mita nzima kwa mzunguko, hizo sentimita zako 3 zitaonekana wapi? Mimi bado niko kwenye mipira ya nyuma.

#36 HesabuTu
Hapo Muzee umenibana kidogo. Lakini kila duara ni mizunguko mingi.

#37 Mchikichini_86
Mikono.

#38 Kasumba_Mpaka
Esansi.

#39 MwanaKamalondo
Nimerudi kutoka kiwanjani, nimejaa vumbi mpaka masikioni. Nilibadilishana pine za nyuma, ya kulia kushoto na ya kushoto kulia. Nikaweka lita thelathini. Rotili fundi mwingine alizisawazisha jana kwa uzi wa magunia, alikuta mbele kulia inaangalia nje. Pia tulihamia mwisho mwingine wa kiwanja kwa sababu lori lilimwaga mchanga pale petu.

Matokeo: kulia nimeshika duara zima, mara mbili mfululizo! Rafiki zangu walipiga kelele mpaka mlinzi akaja. Kushoto bado inakubali, ila si kama zamani, inataka kunitupa nje.

#40 Muzee_wa_Ponti
Mwanangu, umebadilisha vitu vinne kwa mpigo mmoja. Sasa tutajuaje?

#41 HesabuTu
Pine! Upande wa shida umehama!

#42 Kasumba_Mpaka
Lita thelathini, na haijakohoa. Mimi nimetosheka.

#43 DadaVolani
Na uzi wa magunia mnausahau? Zirudishe pine kama zilivyokuwa, uache vingine vyote, ujaribu tena Jumamosi.

#44 MwanaKamalondo
Dada, zile lita thelathini zilikuwa za mwezi mzima. Jumamosi natembea kwa miguu.

#45 Mpya_Kampemba (Lubumbashi)
Samahani nimechelewa kuingia. Mimi nina Toyota IST. Nikichomelea ponti yake ya nyuma itapiga drifti?

#46 Muzee_wa_Ponti
Ponti ipi ya nyuma, mwanangu? Lala kwanza chini ya gari, ukiiona uje unionyeshe.